Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Aliyebaki Nyumbani Siku ya Badr

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 Allah atukubalie funga zetu na visimamo vyetu, na awape shifaa wagonjwa wetu.

Leo ni tarehe 17, na mnajua kila mwaka siku kama ya leo tunazungumza nini. Badr. Mwaka wa 2 wa Hijra, waumini 300 na kidogo, ngamia kama 70 wanapokezana kupanda, mbele yao jeshi la karibu watu 1,000. Usiku wa leo mihadhara itakuwa mingi, na mashekhe wenzangu watawaeleza vizuri kuliko mimi habari za waliokuwepo. Mimi nataka niwaeleze habari za mtu mmoja ambaye hakuwepo.

Sababu ni swali. Juzi baada ya daku ndugu mmoja alinitumia ujumbe, na amenipa idhini kuutumia bila kumtaja. Anasema: Sheikh, nimeshaandikisha jina kwenye daftari la itikafu ya kumi la mwisho. Mke wangu mimba yake imeingia mwezi wa tisa. Mama mkwe anakaa mtaa wa pili. Je, nikimwacha nitakuwa na kosa, au ndiyo itikafu yangu itakuwa na ujira mkubwa zaidi, maana nimeacha jambo zito kwa ajili ya Allah?

Hebu lisomeni tena lile swali mwisho wake. Huyu si mtu mbaya. Ni mtu wa safu ya kwanza, na kauliza, kuuliza si ujinga. Lakini ndani yake kuna fikra ambayo tumeilea wenyewe misikitini, kwamba ibada iko upande mmoja na mke mwenye mimba yuko upande wa pili, na mwanamume akimwacha mke akaja kwenye ibada basi amejitoa mhanga. Fikra hii ndiyo nataka tuiangalie leo.

Siku Mtume (S.A.W.) anatoka kuelekea Badr, binti yake Bibi Ruqayya (R.A.) alikuwa anaumwa. Mumewe ni Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Si mtu wa pembeni huyo. Ni katika watu wa mwanzo kusilimu, mwenye mali, na jeshi lile lilikuwa linahitaji kila mkono. Mtume (S.A.W.) akamwambia abaki amuuguze mke wake, na akamwahidi kuwa atapata ujira wa mtu aliyehudhuria Badr na fungu lake la ngawira pia. Hadithi hii ipo kwa Imam Bukhari. Na wanasira wanasema Zayd bin Haritha aliingia Madina na habari za ushindi, akawakuta watu wako makaburini wanamzika Bibi Ruqayya. Radhiya Llahu anha.

Uthman hakupewa udhuru wa kusamehewa tu. Alihesabiwa kuwa alikuwepo. Ujira kapata, fungu kapata, na vitabu vinavyohesabu watu wa Badr vinamhesabu. Kitanda cha mgonjwa ndicho kilichokuwa uwanja wake wa vita siku ile.

Watu walimwachia? Hawakumwachia. Miaka mingi baadaye alikuja mtu kutoka Misri, akamwendea Ibn Umar (R.A.) na maswali ya kumchimba Uthman, moja likiwa: si kweli kwamba Uthman hakuwepo Badr? Ibn Umar akasema kweli, kisha akamweleza sababu, akamwambia aondoke na maelezo hayo. Kwa hiyo kusemwa kwa sababu umebaki na mke wako si jambo la leo. Leo mtaani kwetu mwanamume akionekana kabeba mkoba wa mke wake anaelekea kliniki, kijiwe kizima kinacheka, eti kalishwa limbwata. Sawa, wacheke. Uthman alisemwa kabla yako.

Sasa kuna mwanafunzi mmoja wa elimu najua ataniandikia: Sheikh, riwaya zinataja maradhi, hazitaji uzazi. Kweli kabisa. Mimba si ugonjwa. Lakini Qur'ani yenyewe ndiyo iliyosema, katika Surat Luqman na Surat al-Ahqaf, kwamba mama humbeba mtoto katika udhaifu juu ya udhaifu, na humbeba kwa tabu na kumzaa kwa tabu. Na Surat at-Talaq, aya ya 6, imeamrisha wenye mimba wagharamiwe mpaka wajifungue, na aya ile inazungumzia wanawake waliopewa talaka! Kama uliyemwacha una deni naye mpaka azae, huyu ambaye kakupikia futari jana itakuwaje?

Basi jibu la yule ndugu ni hili. Itikafu ni sunna. Kumsimamia mke wako katika siku hizo, na hakuna mwingine aliyejipanga kwa hilo kikamilifu, hiyo ni lazima yako. Sunna haiiangushi lazima. Jina lako nimelifuta kwenye daftari, na naweka matumaini kwa Allah kwamba umeandikwa kwenye daftari jingine. Ukipata saa moja njoo usali nasi, kisha rudi.

Nisiishie hapo, maana kubaki nyumbani peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kubaki nyumbani akawa kama kabati.

Kuna habari ya Sayyidna Umar (R.A.) ambayo wanahistoria wameipokea, Ibn Kathir ni miongoni mwao. Usiku mmoja Umar, naye ni khalifa, alikuwa anazunguka akaona nje ya Madina hema ambalo jana yake halikuwepo. Mlangoni kakaa mwanamume. Ndani inasikika sauti ya mtu anaugulia. Kuuliza, kumbe ni mke wa yule bwana yuko katika uchungu, na hana mtu. Umar akarudi kwake, akamwamsha mkewe Bibi Ummu Kulthum binti Ali, akamuuliza kama anataka thawabu ambazo Allah kamletea. Yule mama akachukua nguo na mafuta, Umar akabeba unga na samli begani mwake. Bibi akaingia ndani kwa mzazi. Umar akakaa nje na yule bedui, akawasha moto, akapika, anapuliza kuni mpaka moshi unapita kwenye ndevu zake. Mtoto alipotoka, Bibi akaita kutoka ndani, ewe Amiri wa waumini, mpe mwenzako bishara ya mtoto wa kiume. Yule bedui ndiyo anashtuka kujua nani alikuwa anampikia.

Mimi kinachonishika hapo kila nikisoma ni yule mume. Alikuwepo. Kuwepo, alikuwepo. Kakaa mlangoni kabisa. Ila hakuwa na mkunga, hakuwa na chakula, hakuwa na mtu wa kumwita. Kama Umar asingepita je?

Mimi pia ni mwalimu, mnanijua, nikisomesha lazima nitoe zoezi. Kina baba ambao wake zenu ni wajawazito, jibuni kimoyomoyo. Kadi ya kliniki inasema tarehe ya matarajio ni lini? Mara ya mwisho wingi wa damu yake ulikuwa ngapi? Kundi lake la damu? Zahanati yenu ikishindwa, anapelekwa wapi penye upasuaji, na ni umbali gani? Nani mtaani kwenu mwenye gari au bajaji anayepokea simu saa nane ya usiku? Ukikwama kwenye matatu kati ya hayo, wewe ndiye yule bedui wa mlangoni.

Wataalamu wa afya ya uzazi wanasema mama anapopoteza maisha mara nyingi kuna kuchelewa mara tatu. Kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ile ya tatu tuwadai serikali na watumishi, na tuna haki ya kudai. Lakini mbili za kwanza, ndugu zangu, ufunguo wake mara nyingi uko mfukoni mwa kanzu.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa la leo. Naomba mlisome polepole, na mkimaliza mkawasomee wake zenu.

Sisi watu wa pwani tumefundishwa kwamba mke hatoki bila idhini ya mume. Mafunzo hayo yana msingi wake. Lakini mama anatokwa damu saa tano ya usiku, mume yuko tarawehe, simu kaizima, na nyumbani wanasema tumsubiri baba fulani arudi aseme. Kina mama wa pale wanaogopa kuonekana hawana adabu. Damu haisubiri witri. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu inayoongoza kuua wazazi duniani, na saa mbili za kusubiri kauli ya mtu zinatosha kabisa kuondoka na roho.

Sikilizeni wanavyuoni wetu wa Kishafi walivyosema. Pamoja na kusisitiza kwao idhini, wametaja nyudhuru ambazo mke anatoka bila kumuuliza mtu, na mfano wanaoupenda ni nyumba inayotaka kuanguka. Nyumba ikianza kupasuka hakuna mwenye akili atakayesema mama akae ndani mpaka mume arudi. Sasa mwili unaovuja damu ni nyumba gani hiyo kama si nyumba inayoanguka, na ina watu wawili ndani yake?

Kwa hiyo hakuna dhambi kwa mama aliyetoka mbio kuokoa uhai wake. Dhambi iogopwe na aliyemzuia. Na wewe mume usimwachie kubahatisha. Leo, kabla ya futari au baada yake, mwambie mbele ya mama yako na mbele ya mama yake: mimi nimeshakupa idhini, ukiona dalili yoyote ya hatari toka, nitakukuta huko. Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Na mama mkwe asikie kwa masikio yake, maana majumbani kwetu anayezuia wakati mwingine si mume, ni wakubwa wanaomsemea mume.

Dalili zenyewe mzijue, si siri za wanawake. Kutokwa damu wakati wowote wa mimba. Kichwa kuuma sana na macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, au degedege, hicho ni kifafa cha mimba na kinaua haraka. Chupa kupasuka kabla ya wakati. Homa kali. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona moja tu, usianze kuuliza majirani. Kwa walio Tanzania, upo mfumo wa serikali wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, unaitwa m-mama, unapiga 115 na simu ni bure. Iwekeni namba hiyo kwenye simu zenu sasa hivi, nawasubiri.

Na simu wekeni kwenye mtetemo. Najua nimekuwa nikigomba kila usiku kuhusu simu msikitini. Mwenye mjamzito nimemtoa kwenye ugomvi huo. Ikitetema ukatoka safu, hakuna atakayekuuliza. Kukata sala ili kuokoa roho ni wajibu hata sala ikiwa ya faradhi, sembuse tarawehe. Mtume (S.A.W.) alikuwa anaingia kwenye sala na nia ya kurefusha, akisikia kilio cha mtoto anafupisha, kwa kujua mama yake yuko nyuma moyo unamuuma. Imamu wa viumbe anafupisha sala kwa ajili ya kilio. Sisi tunaona aibu kutoka safu.

Tuje kwenye kliniki. Mara ya kwanza mama akienda anaambiwa aje na mwenzake. Kina baba wengi wanaona hiyo ni mitego ya wazungu. Sababu ni nyepesi. Pale wanapima virusi vya UKIMWI, wanapima kaswende, na mengine. Chukua kaswende peke yake: mama akitibiwa, baba asipotibiwa, anamrudishia ugonjwa ule ule, na kaswende ya mimba inaweza kumuua mtoto tumboni. Umemtibu nusu mtu. Na majibu yakitoka mabaya, ya yeyote kati yenu, hiyo ni amana. Anayepokea majibu ya mke wake kisha akatoka nayo barazani au akatoa talaka siku hiyo hiyo, wakati hata hajui ugonjwa umeanzia kwa nani, basi na ajiandae kwa mizani ya Allah. Leo dawa zipo, na mama mwenye virusi akizitumia vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto aliye salama.

Niseme na upande wa pili, kwa haki. Sehemu nyingine sharti la kuja na mume limegeuka kuwa kikwazo. Mama aliyekimbiwa, mjane, au ambaye mumewe yuko safarini, anaambiwa kalete barua ya mwenyekiti wa mtaa ndiyo uhudumiwe. Na yako maeneo kina mama wamefika kumlipa kijana wa bodaboda akae naye kwenye benchi ajifanye ndiye mume! Tunacheka, lakini angalieni aibu imemwangukia nani. Mke ana mume wake wa halali, mahari yametoka, walima umeliwa, na anakodi mume wa saa moja. Watumishi wa afya waliomo kwenye kundi hili, tafadhalini, mama asirudishwe kwa dhambi ya mtu mwingine. Nasi kina baba tuliondoe tatizo kwa kwenda.

Ukienda, usiende kusimamia. Mwache muuguzi azungumze na mke wako peke yake pia, yapo ambayo hatayasema mbele yako. Na suala la muuguzi au daktari wa kiume, msilifanye la kufa na kupona. Mtangulizeni mwanamke akiwepo. Asipokuwepo, dharura inaruhusu kwa kiasi chake, na hili wanavyuoni hawakulificha. Wodi ya kujifungulia pia, sehemu nyingi vitanda vimepakana hata pazia hakuna, mwanamume huruhusiwi kuingia, na ni sawa kwa sitara ya wengine. Umar naye hakuingia hemani. Alikuwa nje anapuliza moto.

Moto wako wewe ni fedha na damu. Sera inasema huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini kila mtu hapa anaijua ile orodha: mpira wa kulalia, glovu, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, kanga. Kinunue kimoja kimoja kuanzia mwezi wa tano, weka kwenye begi, na pembeni weka nauli ambayo haiguswi hata sukari ikiisha. Najua hali, wengi wetu ni vibarua. Elfu mbili kwa wiki kwa miezi minne si mlima. Damu nayo, changia. Utakayotoa si lazima ndiyo aongezewe mke wako, inaingia benki ya damu na mwingine katoa ya kwako. Kwa madhehebu yetu kutoa damu hakubatilishi funga, lakini ni bora uende usiku baada ya kufuturu usije ukadondoka.

Kuna atakayeniletea kitabu cha zamani kwamba gharama za tabibu hazimo katika nafaqa ya mke. Ndiyo, imeandikwa hivyo na wengi wa waliotangulia, kwa zama ambazo matibabu hayakuhesabiwa kuwa haja ya msingi kama chakula. Sheikh Wahba az-Zuhayli wa Syria, aliyefariki 2015, ambaye kitabu chake cha fiqhi kimesomwa dunia nzima, ameeleza kwamba leo matibabu yamekuwa haja kama chakula au zaidi, na kwamba hailingani na kuishi kwa wema mume astarehe na mkewe akiwa mzima, akiugua amrudishe kwa baba yake. Ukipenda kile cha zamani, basi fuata na lile la zamani la kumwekea mtumishi na kumletea chakula kilichopikwa, tuone.

Kuhusu funga yenyewe nitapita haraka maana tulishaigusa wiki ya kwanza. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Allah amemwondolea funga mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Kwa Shafi, akila kwa kujihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku, na mume akimtolea kwa idhini yake inaswihi. Usimwambie mama yako alifunga mimba zote saba. Mama yako ni mama yako. Na vile vidonge vya kuongeza damu asivimeze na chai ya futari, chai inazuia madini yasiingie mwilini. Ameze na maji, chai isogee mbele.

Nimezungumza sana juu ya mama. Mtoto je?

Utafiti wa taifa wa afya wa Tanzania wa 2022 ulitoa habari njema: vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Alhamdulillah. Wanaojifungulia kituoni walifika 81 katika kila 100, kutoka 63. Lakini watoto wanaokufa ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25 katika kila 1,000, na utafiti huo wa 2022 ukawakuta 24. Yaani karibu hapakusogea kitu. Mama tumemfikisha hospitali, mtoto tukirudi naye nyumbani tunamwacha na mila.

Na wengi wao huondoka wiki ile ya kwanza. Wakati huo baba anafanya nini? Kaadhini sikioni, kazi imekwisha. Anatafuta mbuzi wawili wa akika siku ya saba. Vyema, ni sunna na nitakuja kula. Lakini mtoto wa siku tatu aliyeacha kunyonya, anayepumua mbio, mwenye joto kali au aliyepoa kama samaki, mwenye macho ya manjano, au kitovu kinachotoa usaha, huyo hasubiri siku ya saba. Anakwenda sasa hivi. Nimeona watu wana fedha ya mbuzi na hawana nauli ya bodaboda, na mbuzi yule akaliwa kwenye matanga.

Kitovu kisipakwe majivu wala dawa ya bibi. Maziwa ya mwanzo, yale ya njano, dang'a, yasikamuliwe kumwagwa, ndiyo chanjo yake ya kwanza. Baba una kauli nyumbani, itumie hapo. Sayyidna Umar alikuwa ameweka posho kwa watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia mtoto analia hatulii, akamgombeza mama yake. Mama hakumjua, akasema namwachisha mapema kwa sababu Umar hatoi kitu mpaka mtoto aache ziwa. Inasimuliwa sala ya alfajiri siku ile watu hawakusikia vizuri kisomo chake kwa kulia. Akabadilisha amri, posho ianze siku ya kuzaliwa. Na Qur'ani, al-Baqara aya ya 233, imemtaka baba amlishe na kumvisha mama anayenyonyesha kwa wema, na hata kumwachisha mtoto ziwa imewataka wote wawili waridhiane na washauriane. Kumbe maziwa ya mtoto ni jambo la kikao cha baba na mama.

Akizaliwa njiti, hospitali watawafundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ili apate joto. Hilo na baba anaweza, kifua chako kina joto lile lile. Mama apumzike saa mbili. Walioajiriwa, sheria ya kazi ya 2004 ya Tanzania Bara inakupa si chini ya siku 3 za likizo ya uzazi yenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Chukua. Wapo wanaozichukua wakaenda kuangalia mpira, nao tunawajua.

Na wale ambao mke kwa mimba ya kwanza anakwenda kuzalia kwao, mila nzuri hiyo, hainipi shida. Ila kumpeleka kwao si kukabidhi mzigo. Piga simu kila siku, tuma matumizi, uliza kadi.

Imekuja bishara katika hadithi kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi ni shahidi. Ni faraja kwa waliofiwa, na tuwaambie. Nisimsikie mtu akiileta hadithi hiyo kufunika uzembe wake.

Sasa matangazo. Jumamosi baada ya tarawehe atakuwepo muuguzi mkunga upande wa kina baba, atajibu maswali nusu saa, chai ipo. Wenye bajaji na magari waliotayari kuitwa usiku kwa ajili ya wazazi wa mtaa wetu waniandikie majina leo, nitaiweka orodha hapa na nakala ukutani kwa viatu. Na ambaye mke wake atajifungua kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama, mtoto huyo naye ana zaka ya fitri, msimsahau.

Allahumma wasalimishe wajawazito wetu, wape wepesi katika uchungu wao kama ulivyompa Bibi Maryam tende na maji chini ya mtende, na wahifadhi watoto wetu wachanga. Wape watoto wema wanaowatafuta. Amin.

Kesho inshaAllah tutaendelea na adabu za kumi la mwisho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.